Nahodha Amepumzika

Jumamosi, 3 Februari

Ligi inaanza wiki ijayo, nami nimefungua daftari jipya, kama nifanyavyo kila msimu tangu nilipoacha kufundisha Kiswahili na kukabidhiwa maikrofoni ya ukumbi wa klabu ya mpira wa kikapu. Kazi yangu pale si kubwa. Ninaketi kwenye meza ya pembeni mwa uwanja, natangaza nani ameingia, nani ametoka, nani amefunga. Matangazo ya klabu pia huletwa kwangu niyanyooshe kabla ya kubandikwa. Wakubwa huniita Mwalimu, vijana huniita Babu, na mmoja tu huniita Mjomba, kwa kuwa ndivyo nilivyo kwake.

Huyo ndiye nahodha wetu, mtoto wa pekee wa mdogo wangu wa kike. Ukumbini wanamwita Ngazi. Jina alilipata shuleni, enzi walimu walipokuwa wakimtuma ashushe vitu vya juu ya kabati bila kupanda kiti. Niliwahi kumwambia kwamba jina hilo lina kasoro: ngazi haipandi, ngazi hupandwa. Akacheka. "Mjomba, wewe hata sifa unaisahihisha kwa kalamu nyekundu."

Leo yeye na mama yake wamekula kwangu mchana. Alipoinuka mezani alishika kwanza ukingo wa meza, akavuta pumzi, ndipo akasimama. Mama yake aliona, nami niliona, na yeye akaona kwamba tumeona. Tukaendelea kuzungumzia mvua ambayo bado haijanyesha.

Jumatano, 7 Februari

Ngazi ameniomba nimsindikize kwa daktari wa timu. Daktari mwenyewe ni binti mwembamba, ana sauti ya mtu anayeomba radhi, ila alichokisema leo hakikuwa na radhi ndani yake. Gegedu, yaani mfupa laini ulio ndani ya goti la kulia, umelika. Anataka Ngazi akae nje nusu ya kwanza ya msimu, kisha arudi kidogo kidogo.

"Na nikicheza yote?" Ngazi akauliza.

"Utacheza msimu huu, kaka yangu, halafu basi. Na siongelei mpira. Naongelea kupanda kwenda chumbani kwako kulala."

"Kwa hiyo nipumzishwe."

"Upumzike."

"Si ndiyo yale yale."

Siyo yale yale, na hapa naomba nieleze, maana kuna watu watakaosema nachezea maneno. Kupumzika ni tendo la mtu mwenyewe: amechoka, ameketi, akitaka atainuka. Kupumzishwa ni kutendewa, na mwenye kukutendea ndiye ajuaye utainuka lini. Pale klabuni neno hilo la pili limepata maana yake ya peke yake. Dereva wa basi la timu alipumzishwa msimu uliopita, na mpaka leo anapumzika. Mlinzi wa mlango wa nyuma alipumzishwa, akaja kudai viatu vyake akiwa nje ya geti. Sijaona aliyepumzishwa pale akarudi. Ngazi anajua hivyo. Ana umri wa mtu anayeelekea mlangoni, amefika fainali na kushindwa zaidi ya mara moja, na kombe hajawahi kulishika. Anataka alishike mara moja, akitembea kwa miguu yake.

Jumamosi, 10 Februari

Tumeanza kwa ushindi. Ngazi amecheza mechi nzima. Kocha alikuja mezani kwangu baadaye, akaniwekea mkono begani. "Mwalimu, huyu mpwa wako ni dhahabu. Na dhahabu huwa haitupwi." Napenda namna anavyoongea. Kati ya makocha wote waliopita pale, ni yeye tu sijamsikia akimfokea mtu.

Jumatatu, 12 Februari

Mvua imeanza.

Jumamosi, 24 Februari

Paa la ukumbi wetu ni la bati. Mvua ikipiga, maikrofoni yangu huwa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Isitoshe, bati limetoboka karibu na kikapu cha upande wa wageni, kwa hiyo pembeni mwa mstari tumeweka ndoo ya bluu. Refa amelalamika. Meneja wa klabu akamwambia ndoo ni mchezaji wetu wa sita.

Tumesajili kijana mpya. Wanamwita Umeme, na kwa kweli ana mbio, ila ulimi wake ni mrefu kuliko mikono. Kwenye mazoezi leo alimwambia Ngazi mbele ya wote:

"Kaka, ukichoka sema. Unahodha si mzigo wa wazee. Nitakubebea."

"Anza na ile ndoo," Ngazi akamjibu. "Ikijaa, ukaimwage, uirudishe. Ukiweza bila maji kumwagika njiani, tutaongea."

Watu walicheka sana. Umeme naye alicheka, ila kwa meno tu. Simpendi.

Jumamosi, 2 Machi

Tumeshinda. Goti lilivimba kama papai. Hiyo ni kauli ya mama yake, si yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu amekuja kwangu na mwavuli uliovunjika, ameloa, ana hasira. "Kaka, zungumza na mwanao. Mimi nikisema naambiwa nalalamika." Nilimwambia ana wasiwasi kupita kiasi, na kwamba kocha wake ni mtu muungwana. Akaukung'uta mwavuli wake. "Uungwana wa mtu unaupima kwa sauti yake? Basi nyoka ndiye muungwana wa kwanza, hajawahi kupiga kelele."

Sikupenda mfano huo. Nimeuandika kwa sababu umeniganda.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nitaandika kwa kirefu, kwa kuwa nimefanya jambo ambalo mwanafunzi wangu wa darasa la nne angeadhibiwa kwalo.

Wageni wetu walikuwa timu dhaifu, iliyo mkiani. Daktari alikuwa amebembeleza wiki nzima, na mwisho Ngazi akakubali kukaa nje mechi moja, hii moja tu. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akalala kwenye benchi, goti likafunikwa kwa barafu. Kabla ya mechi Meneja alinipa karatasi ya kusoma. Iliandikwa: "Nahodha amepumzishwa."

Nililitazama neno. Nikawaza kwamba spika zangu zinasikika mpaka kule chumbani, na kwamba yeye amelala pale akisubiri kusikia ametajwaje. Sikutaka alisikie neno la dereva na la mlinzi. Nikaamua kulirekebisha. Ningeweza kusema "anapumzika". Ningeweza kusema "hachezi leo", na mtoto yeyote angenielewa. Nikakazania kukwepa kutendeshwa, nikasahau mlango ulio upande wa pili. Nikasema, kwa ile sauti yangu nzito ya matangazo rasmi:

"Ndugu mashabiki. Nahodha wetu, Ngazi, amepumzika..."

Nilikuwa naendelea: "katika mechi hii ya leo." Hapo ndipo mbingu zilipofunguka. Bati lilinguruma, na maneno yangu yaliyobaki hayakufika hata kwenye safu ya kwanza.

Kwa atakayesoma daftari hili bila kuijua vizuri lugha yetu: mtu akitangaziwa kwa sauti nzito kwamba fulani amepumzika, nukta, basi fulani amekufa.

Mzee mmoja wa safu ya mbele alivua kofia. Juu kabisa mwanamke alipiga yowe. Ukumbi mzima ukainuka, nami nikadhani wanainuka kuwapokea wachezaji. Wageni walijipanga mstari, mikono nyuma, vichwa chini. Refa alikuja mezani kwangu, kipyenga mkononi, uso umemlegea. "Poleni sana, Mzee. Ilikuwa lini?"

"Tangu asubuhi," nikamjibu, maana ndipo Ngazi alipokubali kukaa nje.

"Basi tusimame dakika moja."

Na dakika hiyo ikasimamwa, mvua ikipiga, mimi nikiwa sijui tunamsimamia nani. Mtu mmoja tu alikimbia. Umeme alitupa mpira, akapita mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kama aliyefukuzwa na nyuki. Alirudi akimshika Ngazi mkono, analia waziwazi, na Ngazi anachechemea nyuma yake amebeba mfuko wa barafu, anauliza, "Kuna nini? Nani kafa?"

Kwanza yalisikika mayowe. Halafu sauti ya mtu mmoja kutoka juu: "Marehemu huyooo!" Kicheko kilichofuata kiliishinda mvua.

Jambo jingine nililiona, na sijui nilitie wapi. Kocha alijua fika kwamba Ngazi amelala na barafu. Yeye ndiye aliyempeleka. Na bado alisimama dakika yote ile, kichwa chini, mikono imekunjwa mbele. Nilimwuliza baada ya mechi. "Mwalimu," akasema taratibu, "sikutaka kukuvunjia heshima mbele ya watu."

Nilipofika nje, simu yangu ilikuwa inaita. Alikuwa mdogo wangu, na nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Kaka, majirani wamejaa. Wameshatoa viti vyangu nje. Wananiuliza tunazika lini."

"Ni kosa la lugha, mdogo wangu."

"Umemuua mwanangu kwa maikrofoni, unaniambia lugha!"

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Ngazi alikuwa anacheka, akanimiminia chai. "Mjomba, mimi sijali. Angalau nimejua nani atalia." Akanisogezea kikombe. "Yule mtoto alilia kweli, unajua? Umeme."

Jumamosi, 23 Machi

Ngazi alianza benchi. Haijapita robo ya kwanza, upande mzima wa mashariki ukawa unaimba: "Marehemu, kaburi limekuchoka!" Watoto wadogo nao. Alivumilia mpaka mapumziko, kisha akavua koti na kumwambia Kocha anaingia. Kocha akafungua mikono, kama mtu anayesema mlango si wangu.

Nilimwuliza baadaye kuhusu goti. "Marehemu hana goti, Mjomba."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kabla ya kosa langu alikuwa na njia moja ya kukaa chini bila aibu. Mimi ndiye niliyeifunga, tena kwa neno nililolichagua ili nimhurumie.

Jumatano, 27 Machi

Meneja ameona biashara. Ameagiza fulana zilizoandikwa MAREHEMU AMEAMKA. Anataka pia kabla ya kila mechi taa zipunguzwe, Ngazi alale chali katikati ya uwanja, na mimi niite: "Marehemu, amkaaa!" Naye ainuke, ukumbi ulipuke.

Nilikataa. Nilisema mimi ni mwalimu, si mganga wa sarakasi. Ngazi ndiye aliyenivuta pembeni. "Ukikataa watamleta mwingine wa kupiga kelele. Bora wewe, unatamka vizuri."

Jumamosi, 6 Aprili

Nimeita. Ameamka. Wamelipuka. Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeita. Ameamka. Safari hii alijiegemeza kwa mkono wa kushoto, akainukia upande. Wamedhani ni madoido, wakapiga makofi zaidi.

Alhamisi, 18 Aprili

Ngazi alitaka sindano ya ganzi ili acheze bila kusikia. Daktari akakataa. "Maumivu ndiyo mlinzi aliyebaki kwenye hilo goti. Unataka nimpige risasi?" Alisema vile vile kwa sauti yake ya kuomba radhi, lakini hakurudi nyuma hata hatua.

Jioni nimeletewa tangazo nilinyooshe: "Klabu imempumzisha daktari wa timu kwa nia njema." Nimeondoa koma moja iliyokuwa mahali pasipofaa. Hiyo ndiyo niliyoweza.

Jumamosi, 20 Aprili

Amekuja mwanamume mnene mwenye mkoba mweusi. Hamsalimii mtu. Ngazi ameruka leo kama alivyokuwa akiruka zamani, na ukumbi umesahau kwamba aliwahi kuwa na goti. Kocha amenipungia mkono kutoka mbali, anatabasamu.

Nilikuwa napenda tabasamu lile.

Jumanne, 30 Aprili

Nimepita ukumbini mchana kuchukua miwani yangu. Hakukuwa na mtu isipokuwa Umeme, anatoka mlango wa nyuma na ndoo ya bluu imejaa pomoni, anatembea kama aliyebeba mayai.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kazi hiyo si ya mfagiaji?"

"Kaka alisema nianze na ndoo." Akaimwaga mferejini, akaikung'uta. "Tangu mwezi wa tatu naimwaga. Yeye hajui. Usimwambie, atanicheka." Kisha, bila kunitazama: "Babu, yule mtu wa mkoba. Wewe ni mjomba wake. Huwezi kusema kitu?"

Nimemdhania mabaya kijana huyu tangu Februari, nikamwamini yule wa sauti laini. Mwalimu mzima, nimesahihisha insha kwa kuangalia mwandiko.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Kocha. Nilimweleza yote: gegedu, alichosema daktari, kwamba mtu huyu ana maisha marefu baada ya mpira. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, akanisogezea maji.

"Mwalimu, nami linaniuma. Lakini mtu mzima ana ndoto yake. Mimi ni nani nimnyime?"

"Wewe ndiye unayeandika nani anacheza."

"Naandika. Ila moyo ndio unaocheza."

Maneno mazuri kabisa. Nilifika nyumbani ndipo nikagundua kwamba hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Jumamosi, 11 Mei

Nusu fainali. Tumeshinda. Nimeita, ameamka, kwa mikono miwili.

Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu alinipigia asubuhi, akasema nije nione. Anakaa ghorofa ya pili. Niliingia kwenye jengo nikamkuta Ngazi amekaa kwenye ngazi, mgongo umeelekea juu. Ganzi ilikuwa imekwisha. Alikuwa anapanda kwa makalio: anaweka mikono kwenye ngazi ya nyuma yake, anajiinua, anaukokota mguu, anapumua, anaweka tena. Mama yake alikuwa amesimama juu, mkono mdomoni.

Aliponiona alijaribu mzaha. "Mjomba, andika hiyo. Ngazi kashindwa na ngazi."

Mdogo wangu hakucheka. "Leo usimfundishe mtu kitu, Kaka. Mshike tu upande huo."

Nikamshika. Ni mzito kuliko nilivyofikiri. Tulipofika juu nilimwomba, kwa mara ya kwanza nilimwomba, asicheze fainali. Alikaa na mguu juu ya mto, akaangalia mvua dirishani.

"Nisipocheza tukashinda, nitakuwa niliyekaa. Nisipocheza tukashindwa, nitakuwa niliyekimbia. Na vyovyote vile nitabaki Marehemu. Hilo hamwezi kulifuta, wewe na mpira wako wa maneno." Halafu akaona uso wangu. "Samahani, Mjomba. Si kosa lako. Ni mvua."

Jumanne, 21 Mei

Mvua kutwa.

Jumamosi, 25 Mei

Fainali. Taa zilipunguzwa. Alilala katikati ya uwanja, mikono kifuani, kama Meneja alivyomfundisha. Nikaita. Akainuka. Sijawahi kusikia kelele kama zile mahali popote.

Alicheza vizuri. Lazima niandike hivyo, kwa sababu baadaye watu hukumbuka mwisho tu. Robo mbili alikuwa bwana wa ule uwanja. Mpira ukirudi kutoka ubaoni unakuta mkono wake umeshafika. Robo ya tatu ikielekea ukingoni aliruka na mtu wa timu pinzani, akaudaka mpira juu, akashukia mguu wa kulia. Mguu haukuwepo. Sisemi ulivunjika. Nasema aliukanyagia, na haukuwepo. Hata mimi mezani kwangu nilisikia mlio, mkavu, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto.

Akalala chali.

Na ukumbi ukacheka. Ni lazima nieleze kwa haki: hawakuwa watu wabaya. Walimwona amelala mahali pale pale ambapo hulala kila wiki, kwa namna ile ile, na mimi ndiye niliyewafundisha kinachofuata. Upande wa mashariki ulianza, kisha magharibi, kisha wote, kwa kupiga miguu: "Amka! Amka! Marehemu, amka!" Mvua nayo ilikuwa imeshika kasi. Alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja, nao wakapiga makofi kufuata mapigo yake.

Umeme alifika kwake wa kwanza. Aliangalia mguu, akainuka, akawageukia watu na mikono juu, anapunga, anapiga kelele ambazo sikuzisikia, nikasoma tu mdomo: "Nyamazeni! Nyamazeni!" Wakadhani anawachochea. Wakaongeza.

Nikashika maikrofoni. Nilikuwa na sekunde chache na neno moja la kuchagua, na safari hii sikutafuta lililo zuri.

"Ameumia," nikasema. "Hachezi. Ameumia. Ameumia."

Nilirudia mpaka safu za mbele zikaelewa, na kimya kikapanda taratibu kwenda juu, safu kwa safu. Mama yake alikuwa ameshashuka mpaka uwanjani, viatu mkononi. Mtu wa mkoba mweusi sikumwona tena.

Tumeshinda kwa mitupo ya adhabu ya Umeme, mwisho kabisa. Alitupa huku analia. Kombe lilipoletwa alikataa kulishika, wakalibeba wengine.

Jumatano, 29 Mei

Wamempasua. Daktari wa hospitali amesema atatembea, kwa fimbo. Mdogo wangu akauliza, "Mpaka lini?" Daktari akafunga faili. Kocha alituma maua, na kadi yenye maneno mazuri.

Jumatano, 5 Juni

Meneja ameniletea tangazo nilinyooshe. "Klabu imempumzisha nahodha wake mpendwa, na inamtakia kila la heri." Nimelisoma mara mbili, kalamu mkononi. Upatanisho uko sawa. Alama ziko mahali pake. Halina kosa hata moja la sarufi.

Nikalirudisha kama lilivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Sherehe ya kombe. Ukumbi ulijaa, fulana zile kila mahali. Jukwaani walimweka Ngazi kwenye kiti, magongo mawili yameegemezwa kando, kombe mbele yake juu ya kimeza. Alikuwa hajaligusa. Umeme alisimama nyuma ya kiti chake, kama askari. Mdogo wangu alikaa nami mezani.

Meneja aliniinamia sikioni. "Mzee wangu, mara ya mwisho tu. Taa zitazimwa, wewe utaita, yeye atainuka na magongo yake. Watu watalia kwa raha."

"Umemwuliza?"

"Kasema sawa."

Nilimtazama mpwa wangu kule juu. Akainua mabega: fanya tu, Mjomba.

Taa zikapungua. Nikavuta maikrofoni. Mvua ilikuwa imekwisha tangu juzi, na kwa mara ya kwanza tangu Februari bati halikuwa na la kusema. Kila nitakachotamka kingefika mpaka safu ya mwisho. Nikaita jina lake. Nililiita lile alilochaguliwa na mama yake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, kama nilivyokuwa nikiwaita wanafunzi asubuhi, silabi kwa silabi, pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Nilidhani ni heshima.

Kisha nyuma yangu, mtu mmoja aliyevaa fulana ya MAREHEMU AMEAMKA alimgusa mwenzake. "Huyo ndiye nani? Tumesajili mwingine?"

"Labda," mwenzake akamjibu. "Kiti cha Ngazi si kiko wazi."

Jukwaani, mpwa wangu alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa na maikrofoni, lakini mimi na mama yake tuliuona mdomo wake ukisema, kama mtoto aliyeitwa kutoka nje wakati wa kula:

"Naam."